Kitabu humlilia mwenyewe

Mwizi wa kuku hula nyama na kufukia manyoya. Mwizi wa fedha huipeleka sokoni, na hakuna awezaye kusema: noti hii ilikuwa yangu. Lakini mwizi wa kitabu, mara nyingi, hubeba na shahidi pamoja. Kwenye ukurasa wa kwanza jina la mwenyewe limeandikwa kwa wino. Au ndani ya jalada imebandikwa karatasi ndogo yenye jina lake. Au umepigwa muhuri wa shule, wa sinagogi, wa nyumba ya watawa. Wazee husema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Kitabu ni mali inayochukua daftari lake mwilini.

Katika makala hii twataka kusimulia habari za vitabu vya Wayahudi vilivyoibwa na Wanazi wa Ujerumani wakati wa vita kuu ya pili, na kazi ya kuvirudisha kwa wenyewe, ambayo haijakwisha hata leo, miaka 80 baada ya vita. Msomaji asidhani kwamba ni habari ya makaratasi tu. Ni habari ya amri ya saba ya Mungu.

Kuchoma na kukusanya

Watu wengi wamesikia kwamba Wanazi walichoma vitabu. Ni kweli: tarehe 10 Mei 1933 wanafunzi wa vyuo vikuu waliwasha mioto Berlin na katika miji mingine. Lakini jambo lisilojulikana sana ni kwamba baadaye walikusanya vitabu kwa mamilioni, wakavitunza.

Mwaka 1940 mkubwa mmoja wa chama chao, Alfred Rosenberg, aliunda kikosi maalum cha kupekua maktaba za nchi zilizotekwa. Kikosi hicho kiliingia Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi, Ugiriki, Lithuania, Ukraine na nchi nyingine. Mwaka 1941 chuo kilifunguliwa mjini Frankfurt ili kuchunguza mambo ya Wayahudi, na vitabu vilivyonyang'anywa vikapelekwa huko. Shauri lao lilikuwa hili: taifa lenyewe life, lakini vitabu vyake vibaki mikononi mwa wauaji, ili wao peke yao wawe wasimulizi wa habari zake.

Hawakupora maktaba kubwa tu. Tangu mwaka 1942, katika Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi, nyumba karibu 70,000 za Wayahudi waliokimbia au waliopelekwa kambini zilifagiliwa: vitanda, sufuria, vyerehani, nguo za watoto, na vitabu vilivyokuwa kabatini. Vitu vingi vilipelekwa Ujerumani. Mjini Hamburg viliuzwa kwa mnada mbele ya watu, na watu walinunua. Twasema kwa huzuni: wanunuzi wengi walikuwa wakristu waliobatizwa.

Nyumba za Kanisa nazo ziliguswa. Kule Tanzenberg, kusini mwa Austria, palikuwa na monasteri ya Wabenedikto Waolivetani. Watawa walifukuzwa, na nyumba yao ya sala ikafanywa ghala. Askari Waingereza walipofika mwaka 1945, walikuta humo zaidi ya vitabu nusu milioni, vingi vikiwa vimetolewa kwa nguvu katika nchi mbalimbali.

Waliohatarisha roho zao

Mji wa Vilnius katika Lithuania Wayahudi waliuita Yerusalemu ya Lithuania, kwa wingi wa walimu wake na vitabu vyake. Wajerumani walipouteka, waliwafungia Wayahudi katika mtaa wa geto. Halafu kikosi cha Rosenberg kilichukua wasomi miongoni mwao, kikawalazimisha kuchambua vitabu vya taifa lao wenyewe: vyenye thamani viende Ujerumani, vingine viende kwenye kiwanda cha karatasi kusagwa.

Kati ya hao walikuwa watunga mashairi wawili, Abraham Sutzkever na Shmerke Kaczerginski. Jioni, wakirudi getoni, wao na wenzao walificha vitabu na maandiko ndani ya nguo zao, wakapita mbele ya walinzi, kisha wakayazika chini ya ardhi au kuyaficha katika kuta. Aliyekamatwa aliweza kulipa kwa uhai wake. Wengi wa kundi hilo waliuawa kabla ya vita kwisha.

Tena alikuwako mwanamke, Ona Šimaitė, mtunza vitabu wa chuo kikuu cha mji huo. Yeye hakuwa Myahudi. Aliomba ruhusa ya kuingia getoni, akisema anakwenda kudai vitabu vya chuo walivyoazima wanafunzi Wayahudi. Wajerumani walimwamini. Kumbe aliingia na chakula na barua, akatoka na maandiko ya watu aliyokabidhiwa ayafiche. Mwaka 1944 alikamatwa, akateswa, akapelekwa kambi ya Dachau. Alipona, na mwaka 1966 taifa la Israeli lilimhesabu kati ya wenye haki wa mataifa.

Vita vilipokwisha hatari haikwisha. Serkali ya Kisovieti nayo haikutaka urithi huo wa Wayahudi. Ndipo Antanas Ulpis, mkuu wa ofisi ya vitabu ya Lithuania, alipovificha vitabu na karatasi zao katika kanisa la zamani la Mtakatifu Georgi, lililokuwa limefanywa ghala. Vilikaa humo kimya karibu miaka 40, katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya sala, mpaka nyakati zikabadilika.

Ghala la Offenbach

Jeshi la Amerika lilikuta vitabu vilivyoibwa katika mapango ya migodi, majumba makubwa na nyumba za chini. Vikusanywe wapi? Mwezi wa Machi 1946 likafunguliwa ghala huko Offenbach, ng'ambo ya mto kutoka Frankfurt, katika jengo la kampuni ya I.G. Farben. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Seymour Pomrenze, Myahudi mzaliwa wa Ukraine, aliyekuwa mtunza kumbukumbu huko Washington. Aliyemfuata alikuwa Isaac Bencowitz, mtu wa kemia.

Kazi ilikuwa kama mlima. Vitabu vilikuwa vya lugha nyingi, na wafanyakazi wengi walikuwa Wajerumani wasiojua herufi hata moja ya Kiebrania. Bencowitz alipata akili. Alipiga picha mihuri na alama zilizokuwa ndani ya vitabu, maelfu kwa maelfu. Kila mfanyakazi alipewa mihuri michache aikariri kwa sura yake tu, kama mchungaji anavyozijua alama za ng'ombe wake. Vitabu vilipita mbele yao mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alitoa vile vyenye alama zake. Hivyo mtu asiyeweza kusoma neno moja aliweza kutenga kitabu cha Amsterdam na kitabu cha Vilnius.

Mwaka 1946 maktaba mbili mashuhuri za Wayahudi wa Amsterdam, Ets Haim na Rosenthaliana, zilirudi kwao. Mwaka 1947 vitabu vya chuo cha YIVO cha Vilnius vilipelekwa New York, kwa kuwa chuo chenyewe kilikuwa kimehamia huko. Ghala lilipofungwa mwaka 1949, vitabu karibu milioni 3 vilikuwa vimepita ndani yake.

Lakini lilibaki swali gumu. Kitabu cha shule ambayo walimu na wanafunzi wake wote wameuawa kirudishwe kwa nani? Kurudisha vitabu katika mji ambao hakuna tena Myahudi wa kuvifungua ni kuvizika. Kuviacha Ujerumani ni kumwachia mwizi urithi wa aliyemwua. Kwa hiyo Wayahudi waliunda shirika mwaka 1947, chini ya mwanahistoria Salo Baron. Katibu wake, tangu 1949, alikuwa Hannah Arendt, mwandishi aliyejulikana baadaye dunia nzima. Shirika liligawa vitabu karibu nusu milioni kwa Wayahudi wa Israeli, wa Amerika na wa nchi nyingine. Ndani ya vitabu ilibandikwa karatasi ndogo ya shirika, ili msomaji ajue kwamba kitabu hiki kilikuwa na watu wengine kabla yake.

Mkristu aliyejifunza katekisimu vizuri hatashangaa. Mafundisho ya Kanisa juu ya mali ya wizi ndiyo hayo: mwenyewe akiwa hai, arudishiwe, akiwa amekufa, warudishiwe warithi wake, wasipopatikana hata warithi, mali itumike kwa namna inayolingana na haki, wala isibaki kwa mwizi.

Vitabu vilivyonyamaza

Je, kazi ilikwisha mwaka 1949? Hapana. Vitabu vingi havikufika Offenbach, kwa sababu vilikuwa vimekwisha kuingia kimyakimya katika maktaba za kawaida.

Tutoe mfano mmoja. Mwaka 1943 maktaba ya mji wa Berlin ilinunua vitabu zaidi ya 40,000 kwenye ofisi ya rehani ya mji. Vilitoka katika nyumba za Wayahudi waliopelekwa kuuawa. Vilipewa namba, vikapangwa pamoja na vingine. Kazi ya kuviandika katika madaftari iliendelea hata baada ya vita, na pengine mbele ya kitabu cha namna hiyo liliandikwa neno hili: zawadi. Tulitazame neno hilo. Nani alitoa zawadi hiyo? Mtu aliyetolewa nyumbani mwake na polisi, na hakurudi.

Miaka mingi ilipita. Wanafunzi waliazima vitabu hivyo na kuvirudisha, wala hakuna aliyeuliza habari za jina lililo ndani. Mwaka 1998 nchi 44 zilikutana Washington, zikakubaliana kanuni za kutafuta na kurudisha mali iliyonyang'anywa na Wanazi. Mwaka huohuo Austria ilitunga sheria ya kurudisha vitu vya namna hiyo vilivyo mikononi mwa serkali. Kanuni za Washington zilihusu hasa picha na kazi za sanaa, lakini watunza vitabu nao walianza kufungua makabati yao.

Kazi yao ni ya subira. Huchukua kitabu kimojakimoja, hutazama jalada, ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Huandika kila jina, kila muhuri, kila namba ya kalamu ya risasi. Halafu hulinganisha jina na madaftari ya zamani ya wakazi wa mji, na orodha za watu waliopelekwa kambini, na vitabu vya ukumbusho wa waliouawa. Wakiona ni yeye, hutafuta kama ana mtoto, mjukuu au mpwa aliye hai, pengine ng'ambo ya bahari. Maktaba kadhaa za Ujerumani zimeunganisha orodha zao kwenye intaneti, ili mtu aliye mbali aweze kutafuta jina la babu yake.

Mara kwa mara mwenyewe huonekana. Mzee mmoja wa Marekani, aliyepona kambini alipokuwa mtoto, alirudishiwa kitabu cha hadithi za watoto alichopewa zamani huko Berlin. Jina lake lilikuwa bado limo. Jamaa zake waliokuwa nyumbani siku zile hawakubaki. Kitabu kilibaki.

Je, faida ni nini?

Wengine husema: gharama ya kumtafuta mwenyewe hupita bei ya kitabu mara nyingi, afadhali fedha hizo zitumike kwa jambo jingine. Ni kweli kwamba vingi ni vitabu vya kawaida: vitabu vya shule, vya sala, vya hadithi, vya mapishi. Lakini haki haipimwi kwa mizani ya soko. Wanazi waliwanyang'anya watu majina yao, na huko Auschwitz waliwachanja namba mikononi. Kumbe jina lilikuwa limebaki katika kitabu, kwa mwandiko wa mwenyewe. Arudishaye kitabu hicho hurudisha jina kwa jamaa.

Wengine husema: maktaba ya leo haikuiba, walioiba wamekufa. Hili nalo Kanisa lina jibu lake. Walimu wa zamani walifundisha kwa Kilatini: res clamat domino, yaani kitu humlilia mwenyewe. Mtu aliyeipata mali ya wizi bila kujua hana dhambi. Lakini siku atakapojua, hawezi tena kusema ni yake. Tangu saa ile kukaa kimya ni kushiriki.

Zakayo alipompokea Bwana Yesu nyumbani mwake hakutoa machozi tu. Aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu, ndipo wokovu ukaingia katika nyumba ile. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, tarehe 28 Oktoba 1965, ulitangaza kwamba Kanisa lasikitikia chuki na mateso yote waliyotendewa Wayahudi. Maneno hayo ni mema, lakini toba ina mikono pia, na kazi ya mikono hiyo huonekana katika maktaba hizo, kitabu kimojakimoja.

Nasi, ndugu wasomaji, tusiseme kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Katika nchi yetu tumeona vita na uporaji. Tumeona milango, mabati, baiskeli na hata vitabu vya shule vikiuzwa kwa bei ndogo, na mnunuzi hakuuliza vimetoka wapi, kwa sababu alijua jibu. Tuulize. Na tukiwa na kitu nyumbani ambacho kingali na jina la mtu mwingine, tusingoje miaka 80. Huenda mwenyewe yu hai bado, tena si mbali.