Tope la Malambo Yetu na Asili Yake



Katika Iguguno yetu mvua huwa ya msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hata Aprili. Baada ya hapo ng'ombe wetu na bustani za vitunguu hutegemea maji ya akiba, nayo yakipungua twalaumu jua. Ni kweli kwamba katika nyanda hizi za kati jua na upepo hunywa takribani meta 2 za maji kwa mwaka. Ndiyo maana lambo lililojaa tope hukauka mapema. Lakini tope hilo latoka wapi?

Jirani zetu wa Dodoma walikwisha kupata jibu. Lambo la Ikowa lilijengwa mwaka 1957 kwa ajili ya umwagiliaji. Baadaye wataalamu walilipima pamoja na yale ya Matumbulu, Msalatu na Imagi, na taarifa yao ya mwaka 1972 ilionyesha kwamba udongo wa mashamba na machunga ya mteremkoni ulikuwa ukiyajaza kwa kasi. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO. Na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika sehemu za Kondoa zilizoharibika mno. Nyasi zilirudi, ingawa wafugaji walipata taabu kubwa.

Nasi tusingoje kufikia hapo. Udongo wa unene wa milimeta 1 tu ukichukuliwa na maji katika hekta 1, ni meta za ujazo 10. Kwa hiyo mwenye lambo la uani akichimba kila kiangazi bila kuutunza mteremko, atachimba maisha yake yote.

Basi kazi na ianzie juu: tulime kwa matuta yanayokinga mteremko, tuache ukanda wa majani penye mlango wa maji, na mifugo inyweshwe kando. Ndipo tuchimbe, tukiangalia tusitoboe tabaka la mfinyanzi lililo chini, maana likitoboka maji huzama ardhini. Tope litolewalo lisirundikwe ukingoni, bali lirudishwe shambani, kwa kuwa ndimo lilimotoka.

Lambo ni la mmoja, lakini mteremko ni wa wengi. Hapo ndipo ushirika wetu, unapotimiza miaka 10, una kazi ya kufanya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.