Waya uliokunjwa vibaya unanyamazisha watu

Mwezi uliopita kwenye kikao cha wazazi, mama mmoja wa bloki yetu alisimama kueleza shida ya maji. Hata hajafika mbali, maikrofoni ikakatika. Tukahangaika weee, mwisho mama akakaa, kikao kikaendelea na mambo mengine. Ule waya niliukunja mimi, kwenye kiwiko, nikaukaza na fundo. Ndiyo maana leo naandika historia ya waya.

Mwaka 1858 Ulaya na Amerika ziliunganishwa kwa kebo ya telegrafu chini ya bahari ya Atlantiki. Tarehe 16 Agosti Malkia Victoria alimtumia Rais Buchanan wa Marekani salamu za maneno 98. Zilichukua kama saa 16 kufika! Lakini baada ya wiki tatu hivi, kebo ikafa kabisa.

Wengi wanamlaumu Whitehouse, aliyeitia umeme mkali kupita kiasi. Ni kweli. Lakini kebo ilishaumia mapema. Ganda lake lilikuwa gutapercha, utomvu wa mti unaolainika kwa joto, na sehemu ya kebo ilikuwa imelala nje juani. Waya wa shaba ukahama kutoka katikati. Tena mwezi wa Juni dhoruba iliitikisa meli Agamemnon, mizunguko ya kebo ikavurugika humo ndani.

Wakajifunza. Meli Great Eastern iliwekewa matangi makubwa matatu yenye maji, kebo ikazungushwa humo polepole, tabaka juu ya tabaka. Tarehe 27 Julai 1866 ikafika Newfoundland, na safari hii mawasiliano yakadumu. Mwaka 1879 kebo ya kutoka Aden ikafika hadi Zanzibar.

Sasa sisi huku kambini. Kila mzunguko unausokota waya kidogo, na kule ndani nyuzi zinakatika bila wewe kuona. Kwa hiyo mzunguko mmoja kunja kawaida, unaofuata geuza mkono uingie kwa ndani, msokoto unajifuta. Funga na kitambaa bila kukaza. Weka pakavu, mbali na jua.

Kikao kijacho nitaomba yule mama apewe nafasi ya kwanza. Waya nitaukunja mwenyewe, na nitaujaribu kabla watu hawajakaa.