Matembezi katika Iniversite ya Kisangani

Sisi watu wa Kapalata tumezoea kusikia mutaa wetu ukitajwa kwa sababu ya kambi la askari. Leo tunakualika utoke nasi, kwa miguu ama kwa toleka, mupaka Makiso, tukatazame nyumba za Iniversite ya Kisangani. Wengi hupita mbele yake wakienda kazini, nao hawajui ni nani aliyeianzisha.

Haikuanzishwa na mapadri, wala na serikali. Ni makanisa ya Kiprotestanti yaliyofungua Iniversite Huru ya Kongo mwaka 1963, muji wetu ulipokuwa ukiitwa bado Stanleyville. Wakatoliki walikuwa na Lovanium kule Léopoldville tangu 1954. Waprotestanti nao walitaka shule yao ya juu.

Ukisimama mbele ya vyumba vya masomo, ukumbuke kwamba wanafunzi wa kwanza hawakupata hata mwaka mumoja kamili wa amani. Mwezi wa nane 1964 Wasimba waliteka muji. Masomo yakahamia Léopoldville kwa muda, kisha yakarudi.

Mwaka 1971 serikali ilichukua iniversite zote tatu za inchi, ikazifanya moja: Iniversite ya Taifa ya Zaire. Kisangani ikapewa fakilte ya saikolojia na elimu ya kufundisha, na ndiyo sababu walimu wa kila jimbo walikuja kusomea hapa. Lakini teolojia ilifukuzwa: ya Kikatoliki katika Lovanium ya zamani, na ile ya Kiprotestanti iliyokuwa hapa, ambayo ilikwenda kuishi Kinshasa. Mukatoliki anayedhani kwamba sisi peke yetu tulinyanganywa wakati ule, aje atembee hapa.

Katika miaka ile alifanya kazi hapa profesa Benoît Verhaegen, Mubelgiji. Alikuwa ameandika vitabu viwili vikubwa juu ya maasi ya Kongo. Kisha akaja kufundisha katika muji ule ule ulioteswa na maasi hayo, akiongoza watafiti wa kituo kilichoitwa CRIDE. Mwaka 1981 Iniversite ya Taifa ilivunjwa, na Kisangani ikarudia kujitawala.

Tumalizie kwa Fakilte ya Sayansi. Mwezi wa sita 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya muji. Mabomu zaidi ya 6,000 yalianguka, raia kwa mamia wakafa. Miaka 14 baadaye, kwa musaada wa Ubelgiji, kulifunguliwa kwenye fakilte hii Kituo cha Kuchunga Bioanuwai. Humo wanatunza majani yaliyokaushwa, samaki na wanyama wadogo wa musitu wetu, kila kimoja na jina lake na mahali kilipopatikana. Mutu akitaka kuingia, amwombe ruhusa mulinzi wa mulango, na asiguse kitu.