Uhalisia katika Gitaa na Riwaya: Mtazamo kutoka Musanda

Historia ya uhalisia katika fasihi ya Kiswahili aghalabu huanzishwa na riwaya za miaka ya 1970, kama vile Rosa Mistika (1971) ya Kezilahabi na Kiu (1972) ya Mohamed S. Mohamed. Kwa msomaji wa Musanda mpangilio huu una kasoro. Katika Kakamega hiyo hiyo mna Kisa (jina lenye maana ya hadithi kwa Kiswahili, ingawa ni sadfa tu), nyumbani kwa George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963. Gitaa lake la omutibo, likisindikizwa na mlio wa chupa ya soda, lilikuwa limekwisha kuyatia katika santuri mapenzi na maisha ya watu wa kawaida.

Italia ilishuhudia kinyume chake: hadithi ya Verga ya mwaka 1880 ndiyo iliyozaa Cavalleria rusticana, opera ya Mascagni ya mwaka 1890. Kwetu wimbo ulitangulia. Hii haina maana kwamba Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alijifunza kwa Mukabi.

Tofauti kubwa ni nafasi. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 ulichukua takriban dakika 3 tu; mwimbaji alionyesha tukio, akaacha chanzo. Riwaya hukifuata chanzo: ukali wa Zakaria unatangulia anguko la bintiye Rosa. Hapo ndipo wahakiki walipoghafilika, wakaudhania ufupi huo kuwa uchanga wa sanaa, ilhali ulikuwa sharti la santuri.