Msitu wa Wote Katika Nchi ya Kilosa

Zamani, katika nchi yetu ya Kilosa hata Mikumi, kila mtu alichoma mkaa alivyopenda. Magunia yakaenda mjini, na kijiji kikaachiwa visiki.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikavipa vijiji haki ya kutunza misitu yao na kupata faida yake. Basi, baada ya mwaka 2012, watu wa Ulaya Mbuyuni, Kitunduweta, Ihombwe na vijiji vingine, wakisaidiwa na TFCG na MJUMITA, wakafanya shauri moja. Sehemu kubwa ya msitu wakaihifadhi. Sehemu ndogo wakaigawa vipande vya mita 50 kwa 50, wakate kimoja, wakiache cha jirani. Visiki viliachwa vichipuke, na kipande kilichokatwa kikawekewa miaka 24 ya kupumzika.

Je, maskini aishiye kwa mkaa alinyimwa riziki? La, alifundishwa kazi, akapewa mahali pa kukata, akalipa ushuru. Fedha hizo zikajenga madarasa, zikachimba visima.

Wapendwa, msitu ni amana ya Mungu. Mali ya wote ikikosa mlinzi huliwa na wachache. Kwa hiyo tuulinde mti, tukaulinde na mfuko, hesabu zake zisomwe mbele ya watu wote.