Shule ya Bahari ya Penikese

Penikese ni kisiwa kidogo katika Ghuba ya Buzzards, jimbo la Massachusetts, Marekani. Mnamo Julai 1873 Louis Agassiz, mzaliwa wa Uswisi na profesa wa Harvard, alifungua hapo shule ya kiangazi ya kusomea viumbe vya bahari. Kisiwa chenyewe alipewa na John Anderson, tajiri wa tumbaku wa New York, aliyeongeza dola 50,000 za kuiendesha. Wanafunzi walikuwa kama 50, wengi wao walimu wa shule, wake kwa waume. Na hilo halikuwa jambo dogo wakati vyuo vingi vilikuwa bado vimewafungia wanawake milango.

Agassiz hakutaka mtu aanzie kitabuni. Kule Harvard aliwahi kumkabidhi mwanafunzi mgeni samaki mmoja na kumwacha amtazame kwa siku tatu, bila kitabu wala kioo cha kukuzia, mpaka aweze kueleza mwenyewe alichokiona. Penikese njia hiyo ilipata uwanja wake hasa. Maji yalipokupwa, darasa lilishuka miambani kutafuta kaa, konokono na viti vya pweza. Siku nyingine walitoka na chombo kukokota nyavu chini ya bahari. Waliopatikana walitazamwa wangali hai, kisha wakachorwa na kupasuliwa. Mnyama aliyehifadhiwa katika spiriti huonyesha umbo tu. Anakula nini, anajificha wapi bamvua linapokausha mwamba, anaishi na nani: hayo hujulikana pale anapoishi.

Agassiz mwenyewe aliipinga nadharia ya Darwin hadi kufa, ilhali wanafunzi wake wengi waliikubali. Aliwafundisha kuamini macho yao, nao wakayaamini hata pale yalipompinga mwalimu.

Alifariki Desemba 1873. Mwanawe Alexander aliendesha msimu wa 1874, kisha shule ikafungwa. Waliopita hapo, hata hivyo, waliipeleka mbali njia yake. William Keith Brooks alianzisha maabara ya Chesapeake mwaka 1878. Charles Otis Whitman akawa mkurugenzi wa kwanza wa maabara ya Woods Hole, iliyofunguliwa 1888 katika pwani hiyohiyo ya Massachusetts, na David Starr Jordan alikuwa rais wa Chuo Kikuu cha Stanford kilipofungua kituo cha Hopkins kwenye pwani ya Pasifiki mwaka 1892. Cornelia Clapp, mwalimu wa Mount Holyoke aliyesoma Penikese katika msimu wa pili, alikuwa miongoni mwa watafiti wa kwanza kabisa wa Woods Hole, na baadaye akawa mmoja wa wadhamini wake.