Bibi Rachel de Queiroz, Msimulizi wa Ukame

Jioni ya leo nataka kuwasimulia habari za mwanamke mmoja wa nchi ya Brazili, mtungaji wa riwaya na michezo ya kuigiza, aliyeandika juu ya njaa bila kutia chumvi. Jina lake ni Rachel de Queiroz.

Alizaliwa tarehe 17 Novemba 1910 mjini Fortaleza, katika jimbo la Ceará, upande wa kaskazini-mashariki. Bara ya jimbo hilo ni nchi kame ya wafugaji. Huko watu hungoja mvua mpaka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, tarehe 19 Machi. Siku hiyo ikipita nayo mbingu ni kavu, hukata tamaa. Mwaka 1915 mvua haikunyesha. Ng'ombe wakafa, na maelfu ya watu wakashika njia ya pwani. Serikali ya jimbo, ikichelea mji usijae wenye njaa, ikawakusanya kambini nje ya Fortaleza, na wengi wakafia humo. Rachel alikuwa mtoto wa miaka minne. Mwaka 1917 wazazi wake wakahama kwa ajili ya maafa hayo, kisha wakarudi.

Alisoma katika shule ya watawa, akapata cheti cha ualimu mwaka 1925, umri wake miaka 15. Baadaye aliugua, akaamriwa apumzike. Basi usiku, nyumba ikilala, alikuwa akijilaza kifudifudi sakafuni mbele ya taa ya mafuta, akiandika kwa kalamu ya risasi katika daftari la shule. Hivyo ndivyo ilivyopatikana riwaya ya "O Quinze", yaani mwaka wa kumi na tano, iliyopigwa chapa mwaka 1930, nakala 1,000, kwa gharama ya wazazi wake.

Ndani yake yumo Chico Bento, mchunga ng'ombe aliyekosa kazi, aendaye kwa miguu pamoja na mkewe Cordulina na watoto wao. Mtoto mmoja, Josias, kwa kuzidiwa na njaa anakula muhogo mbichi wenye sumu, anakufa, anazikwa njiani. Muhogo huo ndio uliofika Afrika kwa mikono ya Wareno kutoka Brazili, nasi twaijua hatari ya ule mchungu. Wa pili anapotea. Mdogo wao wanampa Conceição, mwalimu kijana asaidiaye kambini, maana hawawezi kumlisha. Mwandishi halii wala hahubiri. Ataja yaliyotokea, kwa maneno machache ya watu wa nchi ile. Graciliano Ramos, naye mtungaji mashuhuri, alidhani kwamba jina hilo la kike ni la kujificha, na mwenye kitabu ni mwanamume.

Uaminifu huo haukuwa rahisi. Alipokwisha kuandika riwaya ya pili, "João Miguel", wakuu wa chama cha Kikomunisti, alichokuwa amejiunga nacho, walimwamuru aibadilishe, kwa kuwa mna kibarua aliyemwua kibarua mwenziwe. Akachukua karatasi zake, akatoka chamani. Kitabu kikatoka mwaka 1932 kama alivyokiandika. Mwaka 1937 serikali ya Getúlio Vargas nayo ikamtia kizuizini.

Katika michezo yake pia hakuiacha nchi yake kame. "Lampião" ya mwaka 1953 yahusu mnyang'anyi maarufu wa nyika zile, na "A Beata Maria do Egito" ya mwaka 1958 yahusu mwanamke mcha Mungu aliyekamatwa akienda kumsaidia Padre Cícero.

Chuo cha Fasihi cha Brazili kilianzishwa mwaka 1897, na kwa miaka 80 hakikumpokea mwanamke hata mmoja. Mwaka 1977 kikamchagua yeye, wa kwanza. Mwaka 1993 akapata tuzo ya Camões, iliyo kubwa kuliko zote kwa waandishi wa Kireno. Alifariki dunia mjini Rio de Janeiro tarehe 4 Novemba 2003.

Wasikilizaji, mwenye kushiba husahau upesi mwaka wa njaa. Watu wa Ceará hawakusahauliwa, kwa kuwa binti wa miaka 19 aliwaandika kama walivyokuwa.